Ufafanuzi: Utafiti si wa maabara peke yake

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: eti utafiti wa kweli ni wa maabara tu, ule wa jamii na biashara ni porojo za kutafutia shahada. Si kweli.

Mchukue sangara. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akatapakaa. Mwanabiolojia hueleza jinsi alivyochangia kuwamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Lakini kwa nini mvuvi haishi kudaiwa na tajiri wa mtumbwi, au bei pale mwalo wa Kirumba, samaki wanakoshushwa, hupangwaje, darubini haitakwambia. Hapo panahitajika mahojiano, dodoso (orodha ya maswali) na hesabu za soko.

Kupima kama utafiti ni wa kweli ni rahisi: fungua sehemu ya mbinu kwenye ripoti yake. Waliohojiwa walikuwa wangapi, na walichaguliwaje? Mtafiti mwingine anaweza kuurudia? Hata utafiti wa maabara usiojibu hayo ni dhaifu.

Mkanganyiko, nadhani, huanzia sekondari, tunapogawanywa watu wa sayansi na watu wa sanaa. Dodoso nalo hufanana mno na maongezi ya kawaida, ndiyo maana wengi hawalioni kuwa utafiti.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Muulize aliyeutuma kautoa wapi.