Maji ya Moto Yatakwenda Wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye banda la samaki hapa Malindi, nasubiri changu wangu waparuliwe magamba, mzee mmoja wa bahari akasikia kwamba kazi yangu ni mambo ya umeme. Akanivuta pembeni. "Mwanangu, hicho kinu cha nyuklia mnasema hakitoi moshi. Basi lile joto lake lote huenda wapi?"

Nimekaa vikao vingi vya wataalamu na sijasikia swali zuri kuliko hilo. Tangu watu wa Uyombo, kule karibu na Mida, walipoandamana mwaka 2024 kuupinga mradi wa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, mazungumzo yetu yamekwama kwenye bomu na ajali ya Chernobyl. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na huku Pwani watu wakashusha pumzi. Swali la mzee bado liko palepale, na litawafuata hata huko ziwani.

Ndani ya kinu hakuna kinachoungua. Kiini cha urani-235 kikipigwa na nyutroni hupasuka, na kupasuka huko hutoa joto. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha turbini, turbini huzungusha jenereta. Kuanzia kwenye mvuke, ni kazi ileile wanayoifanya Olkaria kwa mvuke wa ardhini. Ukijumlisha yote, tangu kuchimba urani na kumwaga zege hadi kuja kukibomoa kinu chenyewe, jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilikadiria mwaka 2014 kwamba uniti moja (kilowati-saa) ya umeme wa nyuklia hugharimu kama gramu 12 za hewa ukaa. Upepo ni karibu hizohizo. Makaa ya mawe ni gramu 820. Kwa upande wa hewa, basi, mimi sina ugomvi na nyuklia hata kidogo.

Ugomvi uko kwenye maji. Mvuke ukishazungusha turbini lazima upozwe urudi kuwa maji, uanze safari upya. Na katika joto lote la kinu, theluthi moja tu ndiyo hugeuka umeme. Theluthi mbili hutupwa. Kwa kinu cha megawati 1,000 hizo ni kama megawati 2,000 za joto tupu, usiku na mchana, kaskazi na kusi. Ukilipoza kwa maji ya bahari, na ukaruhusu maji hayo yapande joto kwa nyuzi 10, utahitaji kama mita za ujazo 50 kila sekunde. Nilimfanyia mzee hesabu kwa madumu ya lita 20: madumu 2,500, kila sekunde, yanaingia baridi yanatoka moto. Hakunijibu. Alitazama baharini.

Alijua anachokitazama. Mwaka 1998 maji yalipata joto, matumbawe yetu ya Malindi na Watamu yakageuka meupe na mengi yakafa. Tumbawe hukaa na mwani mdogo sana ndani ya mwili wake, na huo mwani ndio unaolilisha. Joto likizidi kwa nyuzi moja tu juu ya kiwango cha juu cha kawaida, likakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe humtema mlishaji wake. Ukiingia maji ya magotini ndani ya mwamba mwezi wa Machi, kabla kusi haijashika, utayakuta ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Hapo hakuna nafasi ya kuongeza joto. Koeberg ya Afrika Kusini, inayozalisha umeme wa nyuklia tangu 1984, hupozwa na Atlantiki yenye maji baridi. Ni bahari nyingine kabisa.

Siyo kwamba haiwezekani. Kinu cha Barakah, huko Falme za Kiarabu, kiko kwenye Ghuba ambayo kiangazi huwa na joto kuliko kwetu. Kile cha Palo Verde, Arizona, Marekani, kiko jangwani na hupozwa kwa majitaka ya mijini yaliyosafishwa. Bomba linaweza kupitishwa chini ya mwamba, likamwage maji mbali kwenye kina. Yote hayo yana bei, na bei hiyo yafaa isemwe kabla mwananchi hajaulizwa anakubali au anakataa.

Kuna jambo la pili ambalo mimi kama mtu wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, haliniachi nilale. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kilele cha matumizi ya Kenya nzima kilikuwa megawati 2,300 na kidogo. Mtambo mmoja wa 1,000 ukizima ghafla, na kila mtambo huzima siku moja, karibu nusu ya nchi inakosa umeme kwa mpigo mmoja, na mitambo iliyobaki huangushana. Kanuni tunayofuata ni kwamba mtambo mmoja usizidi sana sehemu ya kumi ya gridi. Kwa hiyo ni ama gridi ikue kwanza, ama tuzungumze vinu vidogo.

Na tabianchi? Faida ya nyuklia hutegemea imechukua nafasi ya nini. Poland wakizima makaa ya mawe wakawasha nyuklia, wameokoa zile gramu 800 kwa kila uniti. Kwetu karibu tisa ya kumi ya umeme tayari ni mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, pamoja na ule mtambo wa jua wa Langobaya, hapa nyuma yetu tu. Lamu ndiko hesabu ile ingeleta maana, na Lamu makaa yalikataliwa: mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa Kwasasi. Wanalamu walituokolea hewa nyingi kuliko kinu chochote ambacho kingejengwa Uyombo, na sijasikia wakishukuriwa vya kutosha.

Wakirudi Pwani na mradi huu, ninachotaka kuona mezani kabla ya ramani na mabango ni vipimo vya joto la maji, ndani na nje ya mwamba, mwaka mzima, vimebandikwa pale bandani ambapo mzee yule anaweza kuvisoma.