Kuvu za Majani Yaliyooza: Jina Ni Swali Moja, Ukoo Ni Jingine

Anayetuletea jani lililooza maabara huuliza, "Huu ukungu unaitwaje?" Ndani ya swali hilo mna maswali mawili. La kwanza ni la kutambua: kuvu hii ni ipi kati ya zile zilizokwisha kupewa majina? La pili ni la kuainisha: ni ya ukoo gani? Wengi huyachanganya, na hata wataalamu waliyachanganya kwa miaka mingi.

Kutambua huanzia mikononi. Jani zuri kwa kazi hii ni la kahawia, laini, lenye unyevu; si lililoanguka jana, wala si lililokwisha kuwa udongo. Lisuuze tope kwa maji yanayotiririka, liweke kwenye kisahani chenye karatasi iliyoloweshwa, kisha ulifunike. Lisielee majini, maana bakteria watalivamia. Likague kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuvu hupokezana: zinazokula sukari nyepesi hutangulia, zenye uwezo wa kumeng'enya selulosi na lignini, vitu vigumu vinavyojenga jani, hufuata.

Angalia kabla hujagusa. Hili huwasisitizia wanafunzi wangu kila mara. Kuvu ikiwa bado imesimama juu ya jani hukuonyesha jinsi inavyobeba spora zake, yaani chembe ndogo za kuzaliana: moja moja, kwa mnyororo, au zikiwa zimekusanyika ndani ya tone la ute. Ukishaibana chini ya kioo, mpangilio huo umevurugika na haurudi.

Chukua Beltrania rhombica, inayopatikana sana kwenye majani yaliyooza ya nchi za joto. Ukiikuza kidogo tu, unaona nywele nyeusi, ngumu, zilizochongoka, zimesimama wima. Nyanyua chache kwa ncha ya sindano, ziweke ndani ya tone la asidi ya laktiki, kisha kuza mara 400. Hapo spora inajitokeza: ya kahawia, nene katikati na nyembamba huku na huku, kama koni mbili zilizogundishwa vitako. Kiunoni imezungukwa na mkanda mweupe unaopitisha mwanga, na ncha moja ina kijimkia chembamba. Urefu wake ni kama mikromita 25, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Usitosheke na kupima moja; sisi hupima 30, kwa kuwa spora za kuvu moja hazilingani. Ukishaiona spora hiyo mara moja, huisahau.

Pier Andrea Saccardo wa Italia, aliyeanza kuchapisha orodha yake kubwa ya kuvu mwaka 1882, alizipanga kwa sifa za namna hii: rangi ya spora, umbo lake, na kuta zinazoigawa ndani. Kwa kutafuta jina, mpango wake unasaidia hadi leo. Mwaka 1953 mtaalamu wa kuvu S. J. Hughes alipendekeza tutazame zaidi namna spora inavyochipuka kutoka kwenye seli iliyoizaa, na ushauri huo umetuepusha na makosa mengi.

Lakini kufanana si udugu. Mwaka 1942 mtaalamu mwingine wa kuvu, C. T. Ingold, alieleza kuvu zinazoishi kwenye majani yanayooza ndani ya vijito, nyingi zikiwa na spora zenye mikono minne. Mikono hiyo huisaidia spora kunasa kwenye jani maji yanapokwenda kasi. Mtu angedhani zote ni za familia moja. Sivyo: umbo hilo limejitokeza mara nyingi katika koo zilizo mbali mbali, kama vile popo na ndege walivyopata mabawa kila mmoja kwa njia yake.

Ukoo tunausoma kwenye DNA. Kipande kiitwacho ITS kilipendekezwa mwaka 2012 kiwe alama kuu ya kutambulisha kuvu. Kabla ya hapo, kuvu moja iliweza kuwa na majina mawili halali, moja la hatua yake ya kuzaana kijinsia na jingine la hatua isiyo ya kijinsia, hadi kongamano la wanabotania la Melbourne la mwaka 2011 lilipoufuta utaratibu huo. Hata hivyo, DNA haijaistaafisha hadubini. Kuvu nyingi za majani zilielezwa kwa michoro tu, na kipande chake cha ITS hakijawahi kusomwa. Ukiwa na DNA bila umbo, huna cha kuilinganisha nacho.

Ndiyo maana jani lenyewe hatulitupi. Tunalikausha na kulitia kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, pamoja na tarehe, mahali lilipookotwa na jina la mti. Hilo la mwisho ndilo linalokosekana mara nyingi, nalo ni muhimu, kwani baadhi ya kuvu huchagua mti. Jani lililooza ni gumu kulitambua. Kwa hiyo unapotuletea, chuma na jani bichi la mti uleule.