Si kila gharika ni Elnino

Mvua ikipiga Dar saa tatu mfululizo na barabara ya Jangwani ikafungwa, kwenye daladala husikii jingine: "Hii Elnino hii!" Tangu ile ya 1997/98, neno hilo limekuwa jina la kila mvua kubwa.

Sivyo. Elnino ni maji ya Pasifiki ya kati na mashariki, karibu na ikweta, kupata joto kuliko kawaida. Huongeza uwezekano wa vuli kuwa nzito kwetu, basi. Desemba 2011 Dar ilizama, watu wakafa, mabondeni kukawa bahari. Na wakati huo Pasifiki ilikuwa kwenye Lanina, kinyume chake kabisa! Vuli ya 2019 nayo ilinyesha kupita kiasi bila Elnino ya maana. Safari hiyo jiko lilikuwa hapa hapa, Bahari ya Hindi: upande wetu uliwaka joto, ule wa Indonesia ukapoa.

Hali ya bahari hukuambia habari za msimu, haikuambii Jumanne saa kumi. Wingu moja linaweza kuimwagia Mbezi huku Mbagala wameanika nguo. Ndiyo maana vipima mvua vingi mtaani ni muhimu. Chombo chenyewe hakina makuu: milimita 1 ndani yake ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Milimita 100 juu ya bati la mita za mraba 50 ni lita 5,000, simtanki tano za lita elfu, kutoka paa moja tu. Sasa hesabu mapaa yote yanayomwaga maji Mto Msimbazi.