Mbwa aliyehasiwa anaendelea kulinda

Kila mjadala wa sheria ya kulazimisha watu kuhasi mbwa unapozuka hapa Goma, utasikia: "Ukimhasi hatalinda tena, wezi wataingia." Si kweli. Mbwa hubweka kwa sababu analijua eneo lake na watu wake, na kuhasiwa hakumwondolei hilo. Kinachopungua ni hamu ya kuruka ukuta wa mawe ya volkeno usiku kumfuata jike aliye kwenye joto. Huko nje ndiko anakogongwa na pikipiki, au kung'atwa na mwenye kichaa cha mbwa.

Jike ndiye wa kuangaliwa zaidi. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi 6 tu, akaibeba kwa siku 63 hivi. Watoto wasiopata mwenyewe huishia jalalani, mbavu nje, wakigombania maganda ya ndizi. Na si lazima azae kwanza ndipo afungwe kizazi. Hiyo nayo ni imani tu.

Los Angeles walipitisha sheria kama hiyo mwaka 2008. Kwetu mimi naipinga kwa sasa: bila upasuaji wa bei nafuu, faini itamwangukia mama muuza makaa anayefuga mbwa mmoja mlangoni.