Kupangiwa chuo si kulipiwa karo

Wazazi wengi hapa Nairobi huamini kwamba mtoto akishapangiwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS, shirika la serikali la kupanga wanafunzi vyuoni, serikali imemaliza mambo ya karo. Sivyo. KUCCPS hugawa nafasi tu. Tangu 2023, ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, huombwa kando, mtandaoni, na mwanafunzi mwenyewe. Kiwango hutegemea hali ya familia.

Juzi, kwenye saiba moja Kawangware, nilimkuta mama ameshika barua ya mwanawe ya kujiunga, imekunjwa mara nne, akidhani kilichobaki ni kununua godoro na sanduku. Iliniuma. Tuliketi na kijana tukajaza fomu, hasa maswali ya mapato ya nyumbani. Hapo msikimbie, kwani majibu hayo ndiyo yanayopima hitaji lenu.