Mamajuana si pombe ya Wataino

Wauzaji wengi wa Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika katika Karibea, humwambia mtalii kwamba mamajuana, ile chupa iliyojaa vijiti na magome, ni pombe ya Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Wahispania. Si kweli. Kinywaji hiki kina ramu, mvinyo mwekundu na asali. Ramu hutokana na miwa, na miwa ililetwa kisiwani humo, Hispaniola, na Columbus mwaka 1493. Zabibu za mvinyo nazo ni za Ulaya. Wataino walikuwa na kilevi chao, cha muhogo uliochachushwa, na hawakujua kukeneka pombe kali.

Wanachoweza Wataino kudai kwa haki ni ujuzi wa mitishamba, na hata huo baadaye ulichanganyika na wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Binafsi naona historia hiyo ya mchanganyiko ina uzito kuliko hekaya ya dukani.

Tazama inavyotengenezwa. Vijiti vikavu, pamoja na anamú, mmea wenye harufu kama ya kitunguu saumu, hulowekwa kwanza kwa mvinyo au ramu kwa siku kadhaa. Maji hayo machungu humwagwa. Ndipo hutiwa ramu, mvinyo na asali, chupa ikaachwa tena hadi kinywaji kiwe chekundu cha kahawia. Kikiisha, vijiti havitupwi. Chupa hujazwa upya, mara nyingi tu.

Sifa ya kuongeza nguvu za kiume? Hiyo haijathibitishwa kitabibu.