Barabara Ikipita, Watoto Watanawiri Wenyewe? Dhana Potofu Kuhusu Barabara na Lishe Vijijini

"Mwalimu wa lishe, hayo ya uji tuyaache kwanza. Tuleteeni barabara, watoto watanawiri wenyewe." Kila mkutano wa kijiji lazima asimame mtu aseme hivyo, na apigiwe makofi. Nimechoka kuisikia kauli hii, maana inawagharimu watoto.

Tuanze na Iringa. Barabara kuu ya kwenda Mbeya hadi Zambia inapita humo kwa lami tangu miaka ya 1970. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta takribani asilimia 57 ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe na Rukwa ilikuwa kama nusu ya watoto. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Na hii ndiyo mikoa inayowalisha wengine mahindi, viazi na maharage!

Barabara inapofika, kwanza huja Fuso. Dalali ananunua viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, anachukua maharage, anakusanya mayai trei kwa trei. Kijiji kinapata fedha, ndiyo, lakini uliza ziko mfukoni mwa nani. Mara nyingi ni kwa baba, na zinakwenda kwenye bati, mbolea, pikipiki na ada. Gari hilohilo likirudi linashusha soda na biskuti, na mama aliyeuza mayai asubuhi anamnunulia mtoto biskuti jioni akiamini amempa kitu bora.

Kisha soko likinoga, ekari zinaongezwa, na palizi ni ya mama. Anatoka alfajiri. Mtoto wa miezi kumi anabaki na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji wa sembe, mweupe, mwepesi, usio na karanga wala maziwa. Atakunywa asubuhi, atakunywa mchana uliokwisha kupoa, basi. Mtoto huyo anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, mizito, yenye mchanganyiko, pamoja na ziwa la mama. Lami haibadilishi kikombe hicho.

Wataalamu wa uchumi nao wamelipima jambo hili. Vijiji 15 vya Ethiopia vilivyofuatiliwa kwa miaka vilionyesha kuwa barabara inayopitika mwaka mzima ilipunguza kiwango cha umaskini kwa pointi za asilimia karibu 7. India, iliyojenga barabara za vijijini kwa wingi kuanzia 2000, watafiti walikuta watu wengi zaidi wameacha kazi za shamba, lakini kipato na mali havikubadilika sana. Hata fedha yenyewe, basi, haina uhakika, sembuse lishe.

Ushauri wangu ni uleule, nitaurudia mpaka usikike: tenga kabla ya kupima. Kabla mzani wa dalali haujatundikwa, debe la maharage na karanga za mtoto ziwe zimeshaingia ndani. Mayai ya siku moja katika wiki hayauzwi. Na baba awepo tunapokubaliana, kwa sababu mama hawezi kutenga asichokimiliki.

Wengine huruka upande wa pili: "Kumbe lishe ni elimu tu, barabara haihusiki." Hapana. Masika njia ikikatika, chanjo zinachelewa, vidonge vya kuongeza damu vinaisha zahanati, dagaa wanapanda bei, na mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani wakati wa kuzaliwa, anabebwa kwa machela. Maziwa na nyanya vinaharibika njiani. Elimu yangu haivuki mto uliofurika.

"Siku hizi kuna bodaboda." Zipo, na zimesaidia. Lakini mvua ikinyesha nauli inapaa, na mjamzito anayevuja damu hapaswi kupakiwa kwenye pikipiki. Kwa mazao ni magunia mawili tu, tena kwa gharama inayokula faida yote.

Mwisho, "isiyo na lami si barabara." Vijiji vingi havihitaji lami, vinahitaji changarawe, mitaro iliyozibuliwa na kalavati mahali palepale panapokatika kila Aprili. Ukienda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, taja sehemu hiyo kwa jina, na useme inafungwa kwa muda gani kila mwaka. Kisha zibueni mitaro yenu kabla ya vuli.